Walimu wa Sayansi Wanakimbia Nini?

Januari 2011 Rais Barack Obama alitangaza nia ya Marekani kuandaa walimu wapya 100,000 wa sayansi na hisabati katika miaka kumi. Idadi ilifikiwa. Lakini kuandaa ni jambo moja, kubakiza ni jingine.

Mtaalamu Richard Ingersoll wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikuwa ameonyesha kwamba walimu weusi, ambao wengi wao hufundisha watoto maskini wa mijini, huacha kazi kwa wingi kuliko wenzao weupe. La ajabu, hawawakimbii wanafunzi hao! Hukimbia shule ambamo mwalimu hana sauti wala uhuru darasani mwake. Mwalimu wa fizikia akinyimwa kauli, viwanda vinamngoja.

Walimu wakuu wetu, je, mwalimu wenu wa hisabati mlimwomba shauri lini?