Mtoto Karudi na Daftari Tupu, Anasema "Tumecheza"? Soma Hapa Kabla Hujamfuata Mwalimu

Mwanao yuko darasa la awali. Jioni unafungua begi, daftari halina hata vema moja. Unamuuliza, "Leo mmejifunza nini?" Anakujibu, "Tumecheza." Hapo wazazi wengi wanapandwa na hasira: yaani nimenunua sare, namwamsha asubuhi na mapema, kumbe anaenda kucheza?

Wengine humtafutia tuisheni ya kuandika a, e, i, o, u wakati mtoto ana miaka minne tu. Kabla hujafika huko, tuangalie mchezo mmoja unaoujua vizuri.

Ni mdako. Pita Misunkumilo au mtaa wowote wa Manispaa ya Mpanda, uliza mama yeyote kama hajawahi kuucheza. Kishimo kidogo, kokoto ndani yake, na jiwe moja la kurusha juu. Jiwe likiwa hewani, unazoa kokoto nje ya shimo kisha unalidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote, unabakiza moja. Raundi inayofuata unabakiza mbili mbili, halafu tatu tatu.

Sasa fikiria mtoto anafanya nini hapo. Anahesabu. Anatoa. Anapanga mafungu kwa jicho, bila muda wa kuhesabu kwa vidole. Anasubiri zamu yake, na akikosea anampisha mwenzake hata kama imemuuma. Hayo ukiyaandika ubaoni, mtoto wa miaka mitano atasinzia. Akiwa na kokoto mkononi, hataki hata kuitwa kula!

Na mwandiko je? Kalamu inahitaji vidole vyenye nguvu. Mtoto anayefinyanga ng'ombe wa udongo, akamtengenezea pembe na mkia, anavizoesha vidole kazi ileile ya kushika kalamu. Ukimlazimisha kuandika mapema, utamwona anaikamata penseli kwa ngumi nzima, mkono unachoka, anaanza kuchukia shule.

Kwa Katavi kuna jambo lingine. Watoto wengine wanafika awali wakiwa na Kisukuma, Kibende au Kipimbwe cha nyumbani, Kiswahili bado kidogo. Mtoto huyo ukimsimamisha mbele ajibu swali, ananyamaza. Mweke kwenye mchezo wa duka, mmoja muuzaji, mwingine mteja, vizibo vya soda ndiyo hela. Atasema tu, maana anataka chenji yake.

Ndiyo maana mtaala wa elimu ya awali nchini unataka ufundishaji kwa michezo, na darasa liwe na kona za kujifunzia. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unataja mchezo kuwa haki ya mtoto katika kifungu cha 31.

Lakini tusidanganyane. Si kila mchezo ni somo. Mwalimu akiwatoa watoto uwanjani kisha akakaa kivulini na simu, hapo mzazi una haki ya kulalamika. Mchezo unafundisha pale mtu mzima anapokuwa karibu na kuuliza: "Umebakiza ngapi? Nani ana nyingi? Tufanyeje mlingane?" Kazi hiyo ni ngumu darasa likijaa. Mwongozo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya serikali yamepita hapo. Kwa hiyo sehemu ya kazi inarudi nyumbani, upende usipende.

Habari njema ni kwamba haihitaji hela. Unapochambua maharage, mpe kopo atenge makubwa na madogo. Mnapopukuchua mahindi, mwambie apange magunzi kuanzia fupi hadi refu. Vizibo, vijiti, makopo yaliyooshwa, vyote ni vifaa. Angalia tu usalama: mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachiwe punje na kokoto, anaweza kuzimeza au kujiingiza puani. Betri kuukuu na viwembe viwe mbali.

Na ile kesho jioni ukifungua begi na kukuta daftari tupu, badilisha swali. Mwambie, "Nifundishe huo mchezo mliocheza leo." Kaa chini, kosea makusudi, uone kama atakurekebisha.