Barua ya Yeremia Haikuandikiwa Mwenye Haraka

Swali hili huja kwa simu, huja baada ya ibada, huja hata msibani: "Mwalimu, leo asubuhi nimefungua Biblia ikaangukia hapa. Mungu ananiambia nini?" Anayeuliza huwa ameshaweka kidole kwenye mstari. Ana usaili wa kazi saa nne, au mtoto wake anapelekwa chumba cha upasuaji, au mchumba ameacha kupokea simu. Mimi nafundisha Agano la Kale, na kila ninapomwambia kwanza asome sura nzima, uso wake hukunjamana, kana kwamba nimemnyima dawa.

Nisizunguke. Kufungua Biblia popote na kuuchukua mstari wa kwanza unaouona kuwa jibu la siku ni kupiga ramli. Utakatifu wa kitabu haulibadilishi tendo. Wengi wanaofanya hivyo hawawezi kukanyaga kwa mganga hata kwa kuburutwa, lakini wanamwendea Mungu kwa utaratibu uleule wa mganga: nina shida, rusha, nisomee.

Tuanze na kitabu chenyewe. Biblia iliyotumika sana hufunguka pale ilipozoea kufunguliwa. Iliyo mpya, ukiigawanya katikati, utaangukia Zaburi au vitabu jirani, kwa sababu ndiko katikati kuliko. Nimesikia ushuhuda wa watu wanaoamini kwamba Mungu husema nao kwa Zaburi tu, na waliokuwa wakichagua ni uzi na gundi za uti wa kitabu. Obadia ina sura moja yenye mistari 21, Filemoni mistari 25. Msomaji wa namna hii anaweza kuzeeka asikutane navyo.

Wanaojitetea hunitajia Agostino. Mwaka 386, bustanini huko Milano, alisikia sauti kama ya mtoto ikimhimiza achukue asome. Akafungua, akaangukia Warumi 13, maisha yake yakageuka. Ni kweli. Ila alichofungua ni kitabu cha nyaraka za Paulo, ambazo alikuwa amekwisha kuzisoma kwa bidii. Na mtu huyohuyo, alipokuwa askofu, alimwandikia Januario kwamba desturi ya kutafuta majibu ya shughuli za dunia katika kurasa za Injili haimpendezi, ingawa ni afadhali kuliko kuyaendea mashetani. Mwaka 506 maaskofu waliokutana Agde, kusini mwa Ufaransa ya leo, walitishia kuwatenga na Kanisa wanaobashiri kwa kutazamia maandiko. Mjadala huu ni mkongwe, na Kanisa lilikwisha kutoa jibu.

Lakini linaloniuma zaidi ni Yeremia 29:11, ule mstari wa Mungu kuwatakia watu wake mema. Umo kwenye kadi za harusi, keki za mahafali na vioo vya nyuma vya daladala. Naomba tuusome ulipokaa.

Sura ya 29 ni barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, akawapelekea waliohamishiwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Hata wajumbe walioibeba tunawajua, Elasa na Gemaria. Mstari wa 10, unaoutangulia huo mnaoupenda, unataja muda: miaka 70. Mtu wa miaka 40 aliyeisikia barua ile ikisomwa alikuwa anaambiwa kwamba atazikwa ugenini. Ndiyo maana mstari wa 5 unawaagiza wajenge nyumba na kupanda bustani, wa 6 waoe na kuozesha, wa 7 wauombee amani mji wa watu waliowateka. Tumaini la mstari wa 11 lilikuwa la wajukuu. Ukilichomoa na kulibandika kwenye usaili wa saa nne, umelidogosha.

Rudi nyuma sura moja. Nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watakuwa wamerudi. Akaivunja nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kuwa ishara ya utumwa wa Babeli, watu wakitazama. Neno lake lilikuwa fupi, tamu, na la karibu. Mwezi wa saba wa mwaka huohuo Hanania alikufa, na mateka hawakurudi. Kisha mstari wa 8 wa barua unaonya waziwazi kuhusu manabii na waaguzi wanaowadanganya watu. Yaani mstari ambao watu wanabashiria siku zao umo ndani ya barua inayokataza kubashiriwa! Aliyeweka kidole kwenye mstari wa 11 peke yake hawezi kuliona hili. Sina ugomvi na faraja anayoipata. Ninachogombea ni kwamba amepewa faraja ndogo, na ile kubwa ipo mistari michache juu yake.

Nilipokuwa nikimuuguza mama, nilikuwa nikiisoma barua hii yote asubuhi, kando ya kitanda chake. Hakupona. Kilichonisimamisha siku zile ni agizo la kupanda bustani, kwa sababu lilinipa kazi: kufua, kukoroga uji, kuongea na wauguzi kwa heshima, kuwaombea hata wale waliokuwa wakali.

Kuna na wanaoilaza Biblia ikiwa wazi kwenye Zaburi 91 chini ya mto wa mtoto. Wakumbuke nani aliyeinukuu zaburi hiyo katika Mathayo 4: ni mjaribu. Yesu alimjibu mara tatu, na majibu yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Huyo alikuwa amekaa na sehemu moja ya Maandiko mpaka ikamwingia.

Ndugu zangu Wamoraviani, walioanza kazi Rungwe mwaka 1891, watanikumbusha kitabu cha mistari ya kila siku kutoka Herrnhut, Ujerumani, kinachochapishwa tangu 1731, ambacho mistari yake ya Agano la Kale huchotwa kwa kura. Sawa. Lakini kura hiyo hupigwa miaka kabla, kwa ajili ya wasomaji wote, na mstari wa Agano Jipya huchaguliwa na mtu aliyekaa akafikiri. Hakuna anayejichotea wa kwake kwa sababu ya mchumba.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Tatu na kitu kwa siku zinaimaliza kwa mwaka. Ratiba ya mwaka 1842 ya Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti, inapitisha Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Ni nzito kwa anayeanza. Anayeanza asome Marko, sura 16, moja kwa siku, kisha Mwanzo. Waanglikana wana mgawanyo wa zamani unaomaliza Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Mkatoliki afuate masomo ya Misa ya kila siku. Kalenda ipo parokiani. Ukikosa siku tatu, usizilipe, soma ya leo. Soma kwa sauti. Macho yakichoka, sikiliza. Andika swali moja lililokusumbua kabla hujaandika funzo. Mambo ya Walawi ikikushinda, anza na sura ya 16, Siku ya Upatanisho, uisome pamoja na Waebrania 9, ndipo urudi sura ya 1. Na programu ya simu ikikuletea mstari wa siku, gusa jina la kitabu, fungua sura yote, uanze mstari wa kwanza.