Unatumia homoni za kiume? Usiusahau moyo

Tuseme una umri wa miaka 48. Huvuti sigara, kitambi huna, na kila alfajiri kabla jua halijachomoza uko barabarani umevaa viatu vya kukimbilia. Hata hivyo, mwaka jana ulianza kuhisi uchovu usioeleweka na hamu ya tendo la ndoa ikapungua. Ukaenda kwa daktari, damu ikapimwa, ukaambiwa kwamba homoni ya kiume iitwayo testosteroni imepungua mwilini mwako. Sasa unadungwa sindano kila baada ya wiki mbili. Nguvu zimerudi, na mke wako ameliona hilo. Lakini je, umewahi kumuuliza daktari wako habari ya moyo?

Swali hilo limewasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Mnamo 2010, utafiti uliohusu wazee 209 nchini Marekani ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliokuwa wakipakwa jeli ya testosteroni walipatwa na matatizo ya moyo kuliko wenzao waliopewa jeli isiyo na dawa. Miaka mitano baadaye, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa iliamuru watengenezaji waandike onyo kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi.

Kisha mwaka wa 2023 yakatolewa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, uliopewa jina TRAVERSE. Ulishirikisha wanaume zaidi ya 5,200 wa kati ya miaka 45 na 80 ambao homoni zao zilikuwa chini na ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au walikuwa katika hatari ya kuupata. Waliokufa kutokana na moyo, au kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi, walikuwa asilimia 7.0 miongoni mwa waliotumia homoni na asilimia 7.3 miongoni mwa wasioitumia. Kwa maneno mengine, hapakuwa na tofauti ya maana. Mwaka wa 2025 idara hiyo ya Marekani ikaagiza maneno ya onyo hilo yabadilishwe, ila ikataka wagonjwa waonywe kwamba dawa hizi zinaweza kupandisha shinikizo la damu.

Usishangilie mapema, msomaji. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba waliotumia homoni walipata zaidi tatizo la moyo kupiga bila mpangilio, na pia damu kuganda na kuziba mishipa ya mapafu. Idadi yao haikuwa kubwa, lakini tofauti ilikuwepo. Isitoshe, wanaume hao walipaka jeli, wakapimwa damu mara kwa mara, na kipimo cha dawa kikapunguzwa kila kilipozidi. Nani anakupunguzia wewe?

Hapa ndipo pana jambo ambalo wakazi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret wanapaswa kulisikiliza kwa makini. Testosteroni huufanya mwili utengeneze chembechembe nyekundu za damu kwa wingi, na sindano hufanya hivyo kuliko jeli. Damu ikiwa na chembechembe nyingi mno huwa nzito, na damu nzito hupita kwa taabu na huganda upesi. Sasa kumbuka kwamba anayeishi nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, tayari huwa na chembechembe nyingi kuliko mtu wa Mombasa. Kwa hivyo unaanza safari ukiwa umeshapanda ngazi kadhaa. Kipimo chake ni rahisi na hufanywa katika maabara nyingi: huonyesha ni sehemu gani ya damu iliyo chembechembe nyekundu. Ikipita asilimia 54, madaktari husimamisha dawa hadi ishuke. Hupaswa kupimwa kabla ya kuanza, miezi mitatu hadi sita baadaye, kisha kila mwaka. Ikiwa unadungwa na hujawahi kupimwa hata mara moja, basi huyo anayekudunga anauza dawa tu, hatibu.

Kuhusu wale wanaonunua chupa kwenye majumba ya mazoezi ili vifua vitanuke, hayo ni mambo mengine kabisa. Vipimo wanavyojidunga ni vikubwa mara nyingi kuliko vya hospitali, na utafiti wa 2023 hauwahusu hata kidogo. Watafiti wa Marekani waliwachunguza wanyanyua vyuma 140 na kuchapisha matokeo mwaka wa 2017: waliotumia dawa hizo kwa miaka mingi walikuwa na mioyo iliyosukuma damu kwa unyonge, na mishipa ya moyo iliyoanza kuziba.

Yamkini utasema, "Lakini mimi hukimbia." Mazoezi ni kinga nzuri, ila si kinga kamili. Jim Fixx, Mmarekani ambaye kitabu chake cha 1977 kiliwashawishi wengi kuanza kukimbia, alianguka na kufa mwaka wa 1984 akiwa mbioni. Alikuwa na umri wa miaka 52. Mishipa ya moyo wake ilipatikana imeziba vibaya. Kabla ya kuanza kukimbia alikuwa mvutaji sigara sugu, na babake alikufa kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 43. Mbio hazikufuta hayo yote.

Tatizo la mtu wa mazoezi ni kwamba hujidanganya. Kifua kikibana husema ni msuli alioutegua akinyanyua vyuma. Akipata kiungulia hulaumu nyama choma ya jana. Ukihisi kifua kinakandamizwa kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yakielekea mkononi, shingoni au kwenye taya, jasho jembamba likikutoka na pumzi kukukatika, acha ulichokuwa ukifanya, uketi. Ikiwa aspirini haikudhuru, tafuna miligramu 300. Piga simu 999 au 112, au mtu akukimbize kwenye hospitali kubwa iliyo karibu. Usiendeshe gari mwenyewe. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufanya kazi vyema katika saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake huwa ndogo sana. Na mwambie daktari unadungwa homoni, hata kama mama mkwe amesimama kando ya kitanda.

Ukinusurika, sindano husimamishwa. Mwongozo wa wataalamu wa homoni wa Marekani unashauri mtu asianzishiwe tiba hiyo katika miezi sita baada ya mshtuko wa moyo. Hapo jiandae, kwa sababu mwili uliozoea kuletewa homoni kutoka nje huwa umeacha kutengeneza yake, na huchukua wiki au miezi kuamka. Utachoka na utanuna, nawe utadhani moyo ndio umekwisha. Huenda ni pengo la homoni tu. Mweleze daktari, usirudi kwa muuza chupa.

Mazoezi utarudia, lakini polepole. Wengi huanza kwa kutembea dakika tano au kumi mahali tambarare, wakiongeza kila baada ya siku chache, na vyema zaidi chini ya uangalizi wa hospitali. Isahau saa yako ya kuhesabu mapigo, kwani baadhi ya dawa za moyo huyapunguza mapigo na hesabu za zamani hazitafaa. Jaribio bora ni mdomo: ukiweza kuzungumza ukitembea, unaenda sawa. Vyuma vizito vingoje ruhusa ya daktari. Ikiwa uliwekewa kimrija cha kupanua mshipa, utapewa aspirini pamoja na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Kuziacha kwa sababu unajihisi nafuu kunaweza kukiziba kimrija hicho ghafla.

Na chumbani je? Wanaume huona haya kuuliza. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kuuma wala pumzi kukuishia, kwa kawaida moyo unaweza kuhimili tendo la ndoa. Lakini ikiwa umepewa vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kinapouma, au dawa nyingine ya jamii hiyo, Viagra na dawa za aina yake usiziguse. Zikikutana, shinikizo la damu linaweza kuporomoka na kukuua.