Mkutubi ni Bwana Shamba wa Vitabu: Mtumie

Leo tuweke pembeni kidogo habari za mbegu na mbolea, tuongelee maktaba. Najua wapo watakaosema maktaba ni ya wanafunzi wanaojiandaa na mtihani. Lakini jiulize: ekari moja ya nyanya inaweza kumeza mtaji wako wote, na bado kuna vijana wanaingia shambani kwa kutegemea ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa mtu wasiyemjua. Wakati huohuo, pale mjini kwako pengine kuna mtu analipwa mshahara kukutafutia kitabu kinachokufaa, na huduma yake huitumii.

Mtu huyo ni mkutubi.

Anafanyaje kazi?

Ukija ofisini kwangu ukasema "Afisa, nipe dawa ya nyanya", sitakutajia dawa. Nitakuuliza kwanza: majani yana madoa ya rangi gani? Yalianzia chini au juu? Ulipiga nini mara ya mwisho? Nikikutajia dawa bila kuuliza, nimekupotezea hela.

Mkutubi mzuri naye ni hivyohivyo. Ukisema "nataka kitabu cha kilimo", atakurudishia maswali, na wala hakusumbui. Anatafuta tatizo lililokuleta. Bwana mmoja wa India, S. R. Ranganathan, mwaka 1931 aliandika kanuni tano za kazi ya maktaba, na mojawapo inahusu kuokoa muda wa msomaji. Hayo maswali ya dakika tano yanakuokolea wiki nzima ya kusoma kitabu kisichokuhusu.

Nenda na tatizo, jina la kitabu si lazima

Kabla hujafika mezani kwake, jiandae kumweleza mambo haya:

1. Zao au mfugo wako, na eneo ulipo. Vitunguu vya bondeni na vitunguu vya mlimani havina kalenda moja.
2. Umefikia hatua gani. Unaanza, au unalima tayari na unapata hasara?
3. Umeshasoma nini, na kilikukwamisha wapi. Hili linamsaidia sana.
4. Unasoma lugha gani bila kuhangaika, na una muda kiasi gani.

Kwa hiyo badala ya "kitabu cha kuku", sema: "Nina kuku wa mayai 300, chakula kinakula faida yote, nataka kujifunza kupiga hesabu za gharama." Hapo anaweza kukupa vitabu viwili, kimoja cha ufugaji na kingine cha utunzaji wa hesabu. Cha pili usingekifikiria mwenyewe.

Vitabu vya maarifa: jua namba, angalia mwaka

Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za mfumo wa Dewey, ulioanza Marekani mwaka 1876. Kilimo kiko 630. Zana, udongo na mbolea ni 631, magonjwa na wadudu 632, mazao ya shambani kama mahindi 633, matunda 634, mboga 635, mifugo 636, nyuki 638. Halafu vuka rafu uende 657, hesabu za biashara, na 658, uendeshaji wa biashara. Wakulima wengi huishia 630, wakati hasara nyingine zinatoka kwenye daftari.

Ukishika kitabu, fungua kurasa za mwanzo uone mwaka kilipochapishwa. Kitabu cha nyanya cha mwaka 2005 kinaweza kuwa kizuri kwenye kitalu na nafasi za kupanda, lakini usitegemee kikusaidie kwenye kantangaze, ambaye aligunduliwa nchini kwetu mwaka 2014. Cha mahindi cha miaka hiyo nacho hakiwajui viwavijeshi vamizi walioonekana Afrika mwaka 2016. Na ukikuta kitabu cha zamani kinakuelekeza upige endosulfan, funga ukurasa huo. Sumu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011 ili iondolewe duniani. Ushauri wa udongo unaweza kudumu miaka mingi, wa viuatilifu unazeeka haraka. Ukifika kwenye dawa, njoo kwa afisa ugani wako uhakikishe kabla hujanunua.

Na riwaya je?

Hapa ndipo vijana wengi wananicheka. "Afisa, riwaya inaongeza gunia?" Subiri.

Chukua Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ikachapishwa mwaka 1969. Antonio ni mfanyabiashara mwenye mali, lakini mali yote iko kwenye meli baharini. Anakopa kwa ajili ya rafiki yake, mkataba wa miezi mitatu, na dhamana ni ratili ya nyama ya mwili wake. Siku ya kulipa inafika, meli hazijarudi. Wewe uliyekopa ukitegemea mavuno ya mwezi wa saba huku rejesho likianza mwezi wa tano, huyo Antonio ni jirani yako. Na kesi yenyewe inaamuliwa kwa kusoma maneno ya mkataba moja baada ya jingine. Ukishaisoma hiyo, hutasaini karatasi ya mnunuzi ukiwa umesimama juu ya pikipiki.

Ukiajiri vibarua, soma Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, uone maisha ya shamba upande wa anayetumikishwa.

Kwenye hadithi mkutubi hukuuliza maswali tofauti. Nancy Pearl, mkutubi maarufu wa Seattle huko Marekani, anasema kuna milango minne ya kuingilia kitabu: kisa, wahusika, mahali na lugha. Mwambie mkutubi kitabu ulichowahi kukipenda na kwa nini. Anaye pia ushauri mwingine ninaoupenda: soma kurasa 50, kikikushinda, kiache. Hakuna dhambi.

Rudi na majibu

Ukirudisha kitabu, usikiweke mezani ukaondoka. Sema kilikufaa wapi, kilikuchosha wapi. Ndivyo anavyokujua, kama mimi ninavyolijua shamba lako baada ya kulitembelea mara tatu. Kama rafu ya kilimo ina vitabu vya zamani tu, mwambie wazi unahitaji nini. Asipojua kwamba wakulima wanakuja, ataagizaje? Na ukipita Morogoro, ulizia Maktaba ya Taifa ya Kilimo pale SUA.

Kazi ya wiki hii: andika tatizo moja la shamba lako kwa sentensi mbili, nenda nalo maktaba iliyo karibu. Toka na vitabu viwili, kimoja cha maarifa na kimoja cha hadithi.

Tukutane shambani.