Uchovu baada ya futari: pimeni kabla ya kulaumu



Tunaulizwa na familia: mzee akishafuturu macho humwelemea, tarawehe haziwezi. Je, ni uvivu wa ibada? Tunasema: msimhukumu kabla hajapimwa.

Uji wa sukari, kaimati, tambi na muhogo wa nazi, vyote ni wanga na sukari. Kwa mwenye kisukari, insulini haitoshi au haifanyi kazi sawasawa. Sukari hubaki kwenye damu, na viungo hukosa nguvu. Uchovu ukiandamana na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, mpelekeni kituo cha afya. Mwenye dalili hizo akipimwa wakati wowote akakutwa na 11.1 au zaidi, hicho ni kisukari.

Anayejijua anacho afuturu kwa maji na tende moja, aswali Magharibi, kisha ale samaki, mboga na wanga kidogo. Kwenda msikitini kwa miguu humsaidia. Dawa asizibadilishe bila daktari. Tarawehe ni sunna. Aliyechoka ataswali amekaa.

Kujidunga kidole ili kupima hakubatilishi saumu. Mchana sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda kupita 16.6, afungue hapo hapo, hata Magharibi ikiwa karibu. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 185, na kulinda nafsi ni amana.

Wallahu a'alam.