Kondoo na Mbuzi wa Ufipa: Namna ya Kuzidisha Nyama Bila Kumaliza Kundi

Msafiri atokaye Sumbawanga kwa njia ya Tunduma hupita Kaengesa, na hapo huona uwanda mpana wa nyasi, miti michache, na upepo usiokoma. Nchi hii ya juu, iliyo baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ina baridi, na kwa sababu hiyo mbung'o wanaosumbua mifugo katika mapori ya mabondeni hawaipendi. Ndiyo maana tangu zamani Wafipa waliweza kufuga ng'ombe, kondoo na mbuzi, huku wakilima ulezi, mahindi na maharagwe.

Walakini katika nyumba nyingi kufuga mbuzi na kondoo hakuhesabiwi kuwa kazi. Wanyama hao huachiwa watoto kuchungwa, hulala popote, na mwenyewe huwakumbuka siku ya haja: ada ya shule, ugonjwa, arusi au msiba. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji kwa nini desturi hiyo haitoshi tena, na mambo gani yampasa mfugaji kuyafanya.

Haja ya nyama

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, Mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu 1,004,539. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 1,540,519. Maana yake ni kwamba palipokuwa na walaji wawili, baada ya miaka kumi pana watatu. Tena nyama ya mbuzi hutakiwa katika miji ya Mbeya na Tunduma, na ya Tanzania hupelekwa hata nchi za Waarabu. Watu wameongezeka, lakini ardhi ni ile ile, na mashamba yazidi kuyala malisho. Basi mtu akidhani kwamba dawa ni kuongeza idadi ya wanyama tu, amekosea, maana nyasi zitakwisha, udongo utachukuliwa na mvua, na kundi zima litakonda. Njia iliyo bora ni kuwatunza vema wale tulio nao.

Hesabu ya kundi

Mbuzi na kondoo huchukua mimba kwa muda wa miezi mitano hivi, na mara nyingi mbuzi huzaa pacha. Tuseme mtu ana majike 10, na kwa mwaka wamezaa watoto 15. Ikiwa watoto 7 watakufa kwa baridi, minyoo na kuhara, watabaki 8. Katika hao ataweka majike wawili mahali pa mama wawili waliozeeka. Basi atauza watoto 6 na wazee 2, jumla 8. Lakini jirani yake mwenye majike 10 kama yeye, akipoteza watoto 3 tu, atabakiwa na 12. Naye akiisha kuweka wawili, atauza watoto 10 na wazee 2, jumla 12. Hakuongeza hata jike moja, wala hakutafuta malisho mengine kwa mama zao. Wanyama wanne wa ziada wametoka katika kuzuia vifo.

Tena tutazame hasara iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kuuza mama. Mnunuzi afikapo kijijini huchagua jike aliyenenepa, na mwenye shida hukubali. Lakini jike huyo ndiye mbegu. Aliyeuza majike watatu kati ya kumi amepata fedha ya leo, naye amepoteza watoto wa miaka ijayo. Akifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, zizi litakuwa tupu. Yafaa kila mwaka kuwahasi madume wasiotakiwa kwa mbegu na kuwanenepesha wawe ndafu, ili siku ya shida pawepo mnyama wa kuuzwa asiye mama.

Banda

Adui wa kwanza wa mwana-mbuzi huku juu ni baridi. Katika miezi ya Juni na Julai usiku huwa mkali sana, na mtoto alalaye juu ya tope na mavi hushikwa na ugonjwa wa mapafu. Dawa yake haina gharama kubwa. Jenga banda lenye paa lisilovuja, na kuta zenye kuzuia upepo upande wa chini, lakini juu ziachwe wazi kidogo ili hewa chafu itoke. Sakafu iinuliwe juu ya nguzo kiasi cha nusu mita au zaidi, nayo itengenezwe kwa fito zenye nafasi ndogo, mavi yaanguke chini lakini mguu wa mtoto usizame. Mavi hayo yafagiliwe na kuwekwa kama mbolea. Wafipa ni mafundi wa kulima matuta kwa kufukia nyasi zioze. Wakichanganya na samadi ya mbuzi, ulezi na mahindi yatashukuru.

Malisho

Yapasa kujua kwamba mbuzi na kondoo hawali sawasawa. Mbuzi hupenda majani ya vichaka na matawi. Kondoo hupenda nyasi fupi. Katika uwanda wa Kaengesa usio na miti mingi, kondoo wafaa sana, na mbuzi wafaa zaidi kando ya vilima penye vichaka. Mwenye kuchanganya wote wawili kwa kiasi hutumia nchi yake vizuri zaidi kuliko mwenye aina moja.

Mvua huanza karibu na Novemba na kukoma Aprili au Mei. Baada ya hapo ni ukame, na wengi huchoma nyasi ili majani mabichi yachipuke. Moto huo huteketeza chakula cha miezi mitatu kwa ajili ya chipukizi za majuma machache. Ni afadhali kukata nyasi zingali na rangi ya kijani, kuzikausha na kuziweka darini. Kadhalika mabua ya mahindi na maganda ya maharagwe yasitupwe. Gawanya malisho katika sehemu, uzipumzishe kwa zamu. Na mchungaji asiwe mtoto mdogo peke yake, kwa maana mbuzi aingiapo katika shamba la jirani huleta ugomvi, na ugomvi wa namna hiyo umekwisha kuvunja urafiki mwingi. Chumvi pia ni lazima, na ya Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, yajulikana tangu zamani.

Maradhi

Minyoo huua wengi wakati wa mvua. Dalili zake ni mnyama kukonda, kope za macho kuwa nyeupe ndani, na uvimbe chini ya taya. Mpe dawa mvua zinapoanza na zinapokwisha, kwa kipimo cha uzito wake. Kipimo pungufu huwazoeza minyoo dawa, mwisho isifae kitu.

Maradhi ya kuogopwa zaidi ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Sotoka ya ng'ombe, iliyoangamiza makundi ya Afrika katika miaka ya 1890, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani kote. Lakini hii ya mbuzi ni nyingine. Ilithibitika kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008, na baada ya muda mfupi ikafika hata kusini. Mnyama hupata homa, hutokwa na makamasi na machozi mazito, hufanya vidonda kinywani, hukohoa na kuhara. Na kundi lisilochanjwa laweza kufa wengi katika majuma machache. Haina dawa ya kuiponya, ila chanjo yake ni njema: sindano moja humkinga mnyama miaka mitatu au zaidi. Mataifa yameazimia kuimaliza ifikapo mwaka 2030, nayo haitakwisha ikiwa watu wataficha mifugo siku ya chanjo. Mnyama mgeni aliyenunuliwa mnadani atengwe majuma matatu kabla ya kuingizwa zizini. Na mwenye kuona dalili amwite Bwana Mifugo siku ile ile, wala asiwauze wagonjwa haraka haraka, maana atakuwa amewapelekea majirani msiba wake.

Dume

Dume mmoja mwenye nguvu atosha majike 25 hata 30, kwa hiyo yeye ni nusu ya kundi. Dume akikaa miaka mingi atawapanda binti zake mwenyewe, na kizazi kitakuwa dhaifu. Wenye mbuzi wa vijiji viwili wabadilishane madume kila baada ya miaka miwili. Wako mbuzi wa Malya, waliopatikana hapa Tanzania kwa kuchanganya mbuzi wa kienyeji, wa Pakistani na wa Afrika Kusini, nao ni wakubwa kuliko mbuzi wetu. Lakini mnyama mkubwa hutaka chakula kikubwa. Asiyeweza kumlisha mbuzi wa kienyeji wakati wa ukame asikimbilie kununua mgeni; atengeneze banda na malisho kwanza.

Kuuza

Mfugaji akiuza kwa kutazama tu, mnunuzi mwenye uzoefu humshinda. Watu wa kijiji wakishirikiana kununua mizani moja, kila mmoja atajua anachouza. Tena aandike: siku ya kuzaliwa, mama ni nani, aliyekufa na sababu, aliyeuzwa na bei. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Basi, wenyeji wa Kaengesa na Ufipa yote, mwaka huu hesabuni waliozaliwa na waliokufa. Aliyepoteza saba na ajitahidi mwaka ujao apoteze watatu. Hapo ada ya shule italipwa kwa ndafu, mama watabaki zizini, na walaji watapata nyama.