Njaa ya RAM

Laptopu ikianza kuchukua dakika kumi kuwaka, ushauri wa kwanza wa fundi huwa ni kuipiga Windows upya. Mwenyewe analipa, mashine inachangamka wiki mbili tatu, kisha inarudia uzito wake uleule. Hapo hukumu hutolewa: imezeeka, iuzwe vipuri. Mara nyingi hukumu hiyo ni ya uonevu. Prosesa iliyokuwa ikipiga midundo bilioni 1.6 kwa sekunde mwaka 2008 bado inapiga midundo hiyohiyo leo, haijapungua hata mmoja.

Chukua vile vilaptopu vidogo vya inchi kumi vilivyojaa madukani kuanzia mwaka huo, vyenye prosesa ya Intel Atom N270, RAM ya gigabaiti moja, na diski ya sumaku inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Ukitaka kujua kinachovisumbua, usitazame kioo, tazama taa ndogo ya diski. Ikiwaka bila kupumzika huku kishale cha kipanya kimeganda, prosesa haina kosa. Mara nyingi RAM ndiyo imejaa.

Programu haiwezi kufanya kazi mpaka iwe ndani ya RAM. Nafasi ikiisha, mfumo endeshi hutumia ujanja uliobuniwa Manchester, Uingereza, kwa ajili ya kompyuta ya Atlas iliyozinduliwa 1962: vipande vya kumbukumbu visivyoguswa kwa muda huhamishiwa diskini, na vikihitajika hurudishwa. Kwenye prosesa kama Atom, kipande kimoja ni kilobaiti 4. Ujanja huo hufanya kazi vizuri hadi pale programu zinazohitajika kwa wakati mmoja zinapozidi nafasi yenyewe. Tangu hapo kila kipande kinachoingia kinakitoa kingine ambacho nacho kitatakiwa sasa hivi. Mwanasayansi Mmarekani Peter Denning aliieleza hali hii mwaka 1968: kompyuta haifanyi tena kazi uliyoituma, inahamisha mizigo tu.

Na kuhamisha huko ni ghali. Kusoma kitu ndani ya RAM huchukua kama nanosekunde 100. Diski yetu humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11, kwa hiyo kwa wastani husubiriwa nusu ya mzunguko, na kichwa cha kusomea nacho kina safari yake kabla ya hapo. Tuseme jumla ni milisekunde 15. Hiyo ni mara 150,000. RAM ingekuwa inajibu kwa sekunde moja, diski ingejibu kesho kutwa.

Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukiweka Linux badala ya Windows, itaongeza kasi ya laptopu yako anakudanganya kidogo. Haiongezi chochote. Inachokupa ni ruhusa ya kuamua nani akae ndani ya RAM na nani abaki nje. Linux yenyewe, ile aliyoitangaza Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, ni kiini tu cha mfumo. Madirisha, menyu na programu hupangwa juu yake na watu mbalimbali, na kila mpangilio huitwa distro. Ndiyo maana jibu la "niweke Linux gani?" lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ubuntu ya kawaida, na mapambo yake yote, inaweza kumaliza gigabaiti nzima kabla hujafungua hata faili moja. Ungeiweka kwenye kilaptopu hiki ungekuwa umebadilisha jina la ugonjwa tu. antiX, iliyojengwa juu ya Debian, huwaka na madirisha yake mepesi ya IceWM ikiwa imetumia megabaiti mia mbili na kitu. Haina urembo, na mtoto wa shule atauliza kwa nini inafanana na kompyuta za zamani. Mwambie ni ya zamani kweli.

Kuna kikwazo kingine: N270 ni prosesa ya biti 32, na dunia imeanza kuzipa mgongo. Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho kuja na kisakinishi cha biti 32. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, halinacho. Tafuta antiX 23 ya biti 32, ambayo imesimama juu ya Debian 12.

Kazi yenyewe haina maajabu. Hamisha kwanza picha na nyaraka zako. Pakua faili la ISO, kisha liandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Kulinakili tu kama wimbo hakutoshi, flashi haitawaka. Chomeka, washa, bonyeza kitufe cha menyu ya kuwakia, mara nyingi F12. Kwenye Acer nyingi kitufe hicho hakiitikii mpaka uingie kwanza kwa F2 na kukiruhusu, na hapo wengi hukata tamaa wakidhani flashi ni mbovu. Mfumo utawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, nafasi nzuri ya kujaribu sauti, kibodi na hasa Wi-Fi.

Kabla ya kusakinisha, fungua dirisha la amri uandike lsblk. Utaona, tuseme, sda yenye 149.1G na sdb yenye ukubwa wa flashi yako. Usishtuke: diski iliyoandikwa gigabaiti 160 haijaibiwa kitu, kiwanda huhesabu kwa elfu na amri hii huhesabu kwa 1,024. Hakikisha kisakinishi kimeelekezwa kwenye ile yenye 149. Baada ya hapo ni kujibu maswali na kusubiri.

Ukishamaliza, washa zram. Hii huchukua sehemu ya RAM na kuifanya diski ya bandia: vipande vinavyofukuzwa haviendi kwenye diski halisi, vinabanwa na kukaa humohumo, mara nyingi viwili au vitatu katika nafasi ya kimoja. Prosesa hupata kazi ya ziada ya kubana na kubanua, lakini hata Atom huimaliza mapema sana kuliko kusubiri sahani izunguke. Simu nyingi za Android za bei nafuu hutumia mbinu hii, maana kiini chao ni Linux vilevile.

Mahali pa kushindwa ni kivinjari. Ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii unaweza kula RAM kuliko mfumo mzima wa antiX, na hakuna distro itakayoubembeleza ule kidogo. Chrome iliachana na Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Firefox imefuata baada ya toleo la 144 la Oktoba 2025, ingawa tawi lake la ESR 140 limeendelea. Anayetaka mashine ya YouTube na mikutano ya video anunue nyingine.

Anayetaka kuandika barua, kupanga hesabu za duka au kusikiliza muziki, ameshapata. Shule nayo ina matumizi mazuri zaidi: kiwix-serve, programu nyepesi inayofungua Wikipedia iliyopakuliwa mapema. Ile ya Kiswahili inaenea kwenye flashi. Unganisha kilaptopu na ruta isiyo na intaneti, na simu zote darasani zitasoma kutoka humo bila bando.